Mwambie Bibi Viazi Bado

Mke wangu alipanda viazi mvua zilipoanza, nyuma ya nyumba yetu Njombe, na akafa kabla havijatoa maua. Aliumwa kifua siku chache tu. Watu wakishasikia hivyo hutaka niendelee, niwaambie alisema nini mwishoni na mimi nilimjibu nini. Sina la kuendelea. Nilikuwa dukani Makambako, ninakouza vipuri vya malori, simu ikaita, nikafunika boksi la bolti nililokuwa nimemfungulia mteja, nikaenda stendi kutafuta gari. Bolti zilikuwa za gurudumu la nyuma. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko mazishi.

Tangu siku ile nikafa ganzi. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Mguu ukiukalia vibaya unaujua kuwa ni wako, unauona, unaupiga kofi, lakini haukujibu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Msibani watu walinishika mabega wakanitikisa, na mmoja akanong'ona, "Lia, mwanaume, utoe kilichomo." Nilitamani kumtandika ngumi, nikaona uvivu. Majirani wakanipeleka kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kwa imani kwamba ulanzi wa msimu wa mvua unaweza kumliza hata askari magereza. Nilikunywa, nikaenda kukojoa, nikarudi nyumbani kulala.

Neno nililoliweza siku zile lilikuwa moja: sawa. Jeneza liwe la kahawia? Sawa. Kaburi liwe upande wa juu, penye miti? Sawa. Wageni wapikiwe wali au ugali? Sawa, nikajibu, na mpishi akanitazama kwa huruma akaenda kuamua mwenyewe.

Siku ya kuanua tanga wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni kwangu kuzungumzia binti yetu, mtoto wetu pekee, ambaye hata chekechea alikuwa hajaanza. Mimi siku za kazi nalala Makambako, nimepanga chumba kimoja nyuma ya gereji, na Njombe narudi Jumamosi hadi Jumatatu alfajiri. Mtoto atabaki na nani? Ikasemwa atakwenda kwa bibi yake, mama wa marehemu, kijijini huko Wanging'ombe. Ila viazi alivyopanda mama yake visiachwe ardhini kama havina mwenyewe. Bibi atakuja kuvivuna vikiwa tayari, atachagua mbegu, kisha ataondoka na mbegu na mtoto. Wakanigeukia. Nikasema sawa.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Viazi vikitoka ardhini, mtoto anaondoka.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe, maana vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao na kupiga nao picha. Sisi hatukulelewa hivyo. Mama wa mke wangu simpi mkono. Simtazami usoni. Sili naye, na yeye halali chini ya paa langu hata mvua inyeshe mawe. Tukikutana kwenye kona ya nyumba, mmoja anarudi nyuma na mwingine anajifanya ameona kitu cha maana kwenye ua. Na zaidi ya yote, hatusemeshani ana kwa ana. Maneno yetu lazima yapite kwa mtu. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mimi nilimheshimu yule mama kuliko watu wengi ninaoruhusiwa kuwatazama.

Mtu wa kupitishia maneno alikuwa mke wangu, tena alikuwa fundi wa kupunguza makali. Mama yake akisema, "Mwambie mumeo bati lake linavuja kama kikapu," mimi niliambiwa, "Mama anauliza kama una misumari." Mke alipoondoka, kati yetu alibaki mtoto, na mtoto hana ufundi wa namna hiyo. Analipeleka neno kama lilivyo. Hata kwenye simu mama mkwe alikuwa akipiga namba ya jirani aliyekuwa akikaa na mtoto nikiwa kazini, mtoto anapewa simu asikilize, kisha jirani ananipigia mimi Makambako, na mtoto ananieleza akiwa anatafuna kitu.

Mama mkwe alikuja mwezi wa pili na begi moja na jembe lake mwenyewe. Alifikia kwa jirani yetu, mjane anayeimba kwaya ya akina mama, na mtoto akawa analala naye huko. Mchana alishinda kwangu, katika jiko la nje na bustanini. Nilipofika Jumamosi ile nilimkuta yuko chini kwenye miti ya plamsi, ameupa mgongo upande wangu, khanga imefunika kichwa.

"Kamsalimie bibi, mwambie baba anasema shikamoo," nikamwambia mtoto.

Akakimbia kati ya matuta. "Bibi, shikamoo ya baba!"

"Mwambie marahaba. Mwambie majani ya viazi nimekata mimi, kwa sababu naona hakuna aliyekata."

Mtoto akarudi akihema akalileta lote, hadi ile sehemu ya mwisho. Nikaangalia bustani. Kweli, mashina yote yalikuwa yamekatwa na kulazwa kati ya matuta. Viazi havivunwi majani yakiwa juu. Unakata kwanza, unaviacha ardhini kama wiki mbili ngozi ikomae, la sivyo vinachubuka mkononi na haviwekeki. Kazi hiyo mke wangu aliifanya kila mwaka bila kuniuliza, nami sikuwahi kujiuliza nani anaifanya. Nikasema, "Mwambie sawa."

Kwa kuwa viazi vilikuwa vinangoja, mama mkwe aliingia kwenye matunda. Miti ya plamsi ilikuwa mitatu, miche yake mke wangu aliitoa Matamba alipokwenda kwenye harusi, akaibeba mapajani safari nzima na mimi nikamcheka. Mwaka ule ilizaa kama imetumwa. Tangu msibani hakuna aliyechuma, matunda yalikuwa yameanguka na kupasuka, nyuki wamejaa chini, unakanyaga unateleza. Mama mkwe alizoa yaliyooza akayafukia, akachuma mazima, akaanza kugawa kwa majirani ndoo kwa ndoo. Bakuli moja aliniletea mimi kwa mkono wa mtoto. Nilikula plamsi mbili nimekaa kibarazani. Zilikuwa na maji, na ngozi yake ilikuwa na ukakasi kidogo. Najua zilikuwa tamu kwa sababu mtoto alizimaliza zilizobaki na kulamba bakuli.

Lazima niseme na hili. Siku zile nilimtazama mtoto wangu kama mzigo wa abiria mwingine nilioombwa niuangalie. Nilimfunga viatu, nilimwosha uso, nilimfunika. Nilifanya yote kwa uangalifu na sikusikia kitu. Nilikuwa nikimwangalia pua, ambayo ni ya mama yake kabisa, nangoja kitu kinichome, na hakikunichoma. Niliogopa kwamba ndivyo nitakavyokuwa mpaka kufa. Nikafikiri, kama ndivyo, basi wazee wameamua vizuri. Mtoto aende kwa mtu anayesikia.

Jumamosi iliyofuata nilifukua kiazi kimoja pembeni mwa tuta, nikakisugua kwa kidole gumba. Ndivyo unavyopima. Ngozi ikichubuka, bado. Ilichubuka kama karatasi iliyolowa. "Mwambie bibi bado," nikasema, na ilikuwa kweli.

Jumamosi ya baada ya hapo kulikuwa na ukungu, ule wa Njombe unaokaa mpaka saa nne na kulowesha sweta bila mvua. Mtoto alichuchumaa karibu nami, mikono ameiingiza kwenye mikono ya sweta. Nikafukua kiazi, nikakifuta udongo, nikasugua. Ngozi haikusogea. Nikabonyeza zaidi, nikasugua kwa ukucha. Ngozi ilikuwa imeshikana na kiazi barabara.

"Baba, tunachimba leo?" mtoto akauliza.

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. "Mwambie bibi viazi bado," nikasema.

Nilijishangaa. Sikuwa nimepanga. Nilirudisha kiazi kwenye shimo na kukifunika haraka, kama mtu aliyemfunika mtoto aliyelala, huku mtoto wangu halisi ameshaanza kukimbia na ujumbe. Halafu mtoto akarudi.

"Bibi anasema sawa."

Lilikuwa neno langu, na halikunipendeza kulisikia kwa mtu mwingine.

Wiki ile Makambako mvua ilinyesha kama imekodiwa. Malori yalipanga mstari barabarani, madereva wakajaa dukani kukwepa matope, na mimi nilisimama nyuma ya kaunta nikiwaza viazi vilivyoko chini ya udongo uliolowa, havina majani, havina kazi yoyote tena humo. Tajiri yangu, mzee wa Kiislamu aliyehamia hapa kutoka Singida na kupakia viazi vya watu miaka mingi kabla hajafungua duka, aliniuliza baada ya swala ya adhuhuri kama nimeshavuna.

"Bado."

"Majani mlikata lini?"

Nikamwambia.

Akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mvua hii? Vitaoza, kijana wangu. Unangoja nini?"

Nilimwambia ngozi haijakomaa. Mzee yule aliwahi kununua viazi kuanzia Makete mpaka milango ya Iringa. Alinitazama kidogo, akasema Inshallah itakomaa, akaenda kumhudumia dereva.

Jumamosi nilipofika sikuingia hata ndani. Nilipita moja kwa moja bustanini na koti langu la mvua, nikafukua mwisho wa tuta, pale maji yanaposimama. Kiazi cha kwanza kidole kilizama ndani. Asiyewahi kushika kiazi kilichooza ana bahati. Harufu yake inapanda mpaka kwenye meno. Nikasikia miguu ya mtoto inakuja, nami, mtu mzima mwenye familia na ndevu, nikakitumbukiza mfukoni.

"Shikamoo baba. Bibi anauliza vipi."

"Mwambie bibi bado."

Hakuondoka. Alikunja ile pua. "Baba, unanuka."

"Nenda kamwambie bibi."

Akaenda. Niliona kwa mbali akieleza kwa mikono, anaonyesha koti langu, anajiziba pua. Mama mkwe alikuwa juu ya kiti kifupi anachuma matunda ya mwisho kwenye matawi ya juu, na hakugeuka. Mtoto akarudi mbio, amefurahi sana.

"Bibi anasema utoe ulichoficha mfukoni."

Nikakitoa. Kilikuwa kimepasuka, maji yake yamepenya kwenye bitana la koti na yananishuka pajani. Nilisimama nimekishika kiganjani katikati ya bustani ya marehemu mke wangu, mvua nyembamba inaanza, na sikujua nikiweke wapi.

"Bibi naye ana viazi," mtoto akasema. "Viko jikoni, dirishani. Anavisugua."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu juzi ya siku nyingi."

Basi alikuwa anajua. Jumamosi iliyopita, nilipotuma uongo wangu, alikuwa tayari na viazi vilivyokomaa pale dirishani, naye akanijibu sawa, akakaa wiki nyingine kwa jirani, anaosha vyombo vya watu na kusikiliza mvua ikiozesha mavuno ya mwanawe. Sikuelewa kwa nini. Nikamwambia mtoto, "Kamuulize bibi anangoja nini."

Akaenda, akarudi, sasa anatembea, amechoka na sisi. "Anasema anangoja useme."

"Niseme nini?"

Akaenda tena. Akarudi. "Anasema hajui. Anasema ni cha kwako."

Nilijua ni nini. Nilikijua pale pale, kama mtu anayejua funguo ziko mfuko gani. Lakini nitakitumaje? Nimwambie mtoto, nenda kamwambie bibi asikuchukue? Nimbebeshe jambo linalomhusu yeye mwenyewe, alitamke kwa mdomo wake, halafu alisikie jibu na kuniletea? Mke wangu angekuwepo angelipeleka akiwa amelilainisha. Angekuwepo, jambo lenyewe lisingekuwepo.

Nikamshika mtoto bega akae pale pale. Nikavuka tuta moja, nikasimama.

"Mama," nikaita.

Mkono wake ulibaki juu kwenye tawi. Miaka yote niliyokuwa mkwe wake sikuwahi kumtamkia neno moja kwa moja.

"Mama, nisamehe kwa kukusemesha. Siku ile niliwaambia wazee sawa. Si sawa. Viazi vimekomaa tangu wiki iliyopita, nimekudanganya. Nilikuwa sitaki vitoke. Mtoto asiende, mama. Chumba changu ni kimoja, sijui nani atashinda naye, sijui hata kumsuka. Lakini asiende. Nikirudi hapa na yeye hayupo, sitarudi tena."

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Ningeweza kuwa naeleza bei ya breki. Ila nilipomaliza nilikuta mkono wangu umekiminya kile kiazi kilichooza mpaka kimetoka chote kati ya vidole.

Hakugeuka. Niliona mgongo wake, na khanga ikianza kulowa mabegani. Alichuma plamsi moja, akaiweka kwenye ndoo taratibu. Akashuka kwenye kiti, mkono mmoja umeshika mti. Akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikadhani nimemvunjia heshima kiasi ambacho hakisameheki. Halafu akaita, na hakuniita mimi. Alimwita mjukuu wake, naye akanipita mbio akaenda.

"Mwambie baba yako nimesikia," akasema. Alisema kwa sauti ambayo ingefika barabarani. "Mwambie nilikuja hapa nikidhani namchukua mtoto kwa mtu aliyekufa na mwanangu. Mwambie aanze kuchimba, viazi vya mwenyewe vinaoza."

Mtoto akaja kwangu akanyanyua uso. "Bibi anasema amesikia. Anasema uchimbe."

Sehemu ya katikati aliiacha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupunguza makali.

Tulichimba mpaka jioni, mimi nimeanzia juu, mama mkwe ameanzia chini kwa jembe lake, kila mmoja ameelekea upande wake, na mtoto akikusanya katikati. Tulipokaribiana kwenye tuta la kati alitupa jembe begani akaenda kuwasha moto, nikamalizia mimi. Vilivyooza havikuwa vingi kama nilivyostahili. Vidogo vyenye macho mazuri alivitenga kwa mbegu, akavigawa mara mbili, na fungu moja akaliacha kwenye kibaraza changu bila kusema ni la nani.

Mke wangu alikuwa na utaratibu kwamba kiazi kilichokatwa na jembe kinaliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakikai. Yeye mwenyewe alikata kwa nadra, kimoja au viwili, na kututania kwamba amekata makusudi kwa njaa. Siku ile mimi nilikata karibu kila shina. Mikono ilikuwa haitulii. Ilikuwa imeanza kuwasha na kuchoma, namna ile ya mguu ganzi inapoutoka, ambayo watu husahau kwamba ni mbaya kuliko ganzi yenyewe. Tulipata sufuria kubwa la viazi vilivyokatwa, tukampelekea na jirani.

Giza lilipoingia mama mkwe alikuwa amekaa jikoni nje, mimi kibarazani mbele ya nyumba, ng'ambo ya ua, na upepo unapeleka moshi wa jiko kwenye miti, mbali nami kabisa. Mtoto alikuwa anakwenda na kurudi na sahani. Aliniletea viazi vya moto vyenye chumvi, na juu yake plamsi moja, sijui ni wazo la nani. Niliuma kiazi. Kilikuwa na ladha ya kila mwaka.

Mtoto alisimama mbele yangu na sahani tupu, akaniinamia karibu, akanichungulia.

"Baba, unalia?"

"Ni moshi," nikasema.

Akageuka akakimbia, kama nilivyomzoesha. Nikamsikia kule jikoni: "Bibi, baba anasema ni moshi!"

Nilisikia kuni zikisogezwa. Kisha miguu midogo ikavuka ua tena, akaja akasimama palepale.

"Bibi anasema hata kwake upo."